Weka Msumeno Chini Kwanza

Kama umeshachora kichwa cha gita lako kwa penseli na msumeno umeshautoa, ndugu yangu, ishia hapo hapo. Legeza nyuzi, lilaze gita kitandani, kisha usome. Kazi hiyo inaweza kungoja wiki moja. Mbao ikishaondoka hairudi.

Naandika kwa haraka kwa sababu tangu masika yaanze nimeletewa kibandani kwangu, hapa Dar es Salaam, magita sita ya umeme yenye jeraha la aina moja. Yote yamechongwa kichwa nyumbani, kwa msumeno wa mkono, tupa na msasa. Wenyewe ni vijana wa kwaya na wa bendi ndogo ndogo, na wanafahamiana. Mmoja alikata, mwenzake akaona limependeza, akaazima msumeno ule ule. Manne kati ya sita yalikuwa yameshapasuka yaliponifikia. Siwezi kukaa kimya nikisubiri la saba.

La mwisho lililetwa Jumamosi, limefungwa kwa kanga. Ni gita la kwaya, lililonunuliwa kwa michango ya karibu mwaka mzima, shilingi elfu mbili mbili baada ya ibada. Kijana anayelipiga alitaka kichwa kiwe chembamba chenye ncha, kama cha mpiga solo anayempenda. Alikata usiku. Akaona bado ni kizito, akapunguza na unene kwa nyuma kwa tupa. Akarudisha nyuzi, akatyuni, likalia vizuri, akalitundika ukutani akiwa na furaha yake. Lilikaa siku mbili. Asubuhi ya tatu walilikuta kichwa kimeinamia mbele, kimeshikiliwa na nyuzi tu. Usiku ule hakuna aliyeligusa. Mama mlezi wa kwaya aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumjua mkosaji, ni nani kalivunja. Nilimjibu kwamba limevunjwa na nyuzi zake lenyewe.

Hapa ndipo vijana wanapokosea, na si kwa ujinga. Gita likining'inia ukutani linaonekana limepumzika, kumbe halipumziki. Seti ya kawaida ya nyuzi za gita la umeme, ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010, ikitiwa sauti yake ya kawaida huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 46. Huo ni karibu mfuko mzima wa saruji. Fikiria mfuko wa saruji unaovuta kichwa cha gita kuelekea tumboni mwake, mchana na usiku, wakati wa kupiga na wakati wa kulala. Kinachoupinga ni ubao ambao kichwani una unene wa milimita 14 hivi, yaani unene wa kidole. Fundi wa kiwandani aliupima ubao huo kwa kazi hiyo. Hakukuachia ziada ya kuchezea.

Unene ndio unaodanganya kuliko vyote. Mtu anadhani akiondoa robo ya unene ameondoa robo ya nguvu. Sivyo ubao unavyopinda. Ukiutoa kutoka milimita 14 hadi 10, uwezo wake wa kuhimili kupindwa hubaki karibu nusu, na ugumu wake wa kutonepa hushuka hadi kidogo tu zaidi ya theluthi. Gita litaimba siku hiyo na kesho yake, kwa sababu mbao haivunjiki kwa hasira, huchoka. Chini ya mzigo usiokoma inajinyoosha polepole, hasa chini ya mabati yanayowaka jua, mpaka mshipa wa kwanza unapoachia.

Na mishipa ya mbao ndiyo habari yenyewe. Aliyewahi kupasua kuni anaijua bila kufundishwa: shoka likifuata mishipa gogo hufunguka kwa pigo moja, likikatisha mishipa linanasa. Shingo ya gita hupata nguvu zake kwa sababu mishipa inakwenda urefu wote, kutoka kiwiliwili hadi kichwani. Sasa chukua magita ya umbo la Gibson, kama Les Paul iliyoanza kuuzwa mwaka 1952. Kichwa chake hakikunyooka na shingo. Kimelala nyuma kwa nyuzi 17 za pembe. Shingo na kichwa vimechongwa kutoka ubao mmoja wa mahogani, na kwa kuwa kichwa kimelala ilhali mishipa inaendelea moja kwa moja, pale kwenye shingo ya kichwa mishipa inatokea nje, mifupi, kama kuni iliyokatwa mshazari. Juu ya hapo kiwanda kimechimba kishimo cha kufikia nati ya chuma kilichozikwa ndani ya shingo, chuma kinachoizuia isipinde. Mahali penye mishipa mifupi kuliko pote ndipo palipochimbwa shimo. Mafundi wa magita duniani kote wanapajua mahali hapo kwa machozi ya wateja wao, hata kwa magita ambayo hayajawahi kuguswa na msumeno.

Kiwanda chenyewe kilipajua. Katikati ya miaka ya 1960 Gibson ilipunguza ulalo hadi nyuzi 14 za pembe, na kufikia mwaka 1970 hivi ikawa inaacha nundu ya mbao nyuma ya sehemu hiyo kwa miaka kadhaa ili kuipa mwili. Yaani watu waliolitengeneza gita walikuwa wakiongeza mbao mahali pale pale ambapo vijana wetu wanapunguza kwa tupa.

Wenye magita ya umbo la Stratocaster, lile la Fender la mwaka 1954, wananiambia lao halina hatari hiyo kwa kuwa kichwa kimenyooka na shingo. Ni kweli nusu. Kichwa hicho kimenyooka na mishipa inapita vizuri, na sijaona kichwa cha aina hiyo kikiinama kama lile gita la kwaya. Lakini angalia vile vifunguo sita vya kukazia nyuzi. Vimepangwa mstari mmoja, na matundu yake, ambayo katika magita mengi ya siku hizi yana upana wa milimita 10, yanafuatana karibu sambamba na mishipa. Ni kama vitundu vya kuchania stempu. Kinachozuia isichanike ni ule ukanda mwembamba wa mbao kati ya matundu na ukingo. Mmoja wa vijana wangu aliuchonga ukanda huo uwe na mawimbi mazuri, na kweli ulipendeza. Alipokuwa akikaza uzi wa tatu, ukanda wote ulitoka na vifunguo vitatu vikiwa juu yake, na uzi ukamchapa shavuni. Sentimita nne juu zaidi lingekuwa jicho.

Halafu kuna magita ya bei nafuu yaliyojaa madukani, na haya ndiyo mengi mikononi mwa kwaya. Mengi yake yenye kichwa kilicholala hayakuchongwa kutoka ubao mmoja. Kichwa ni kipande kingine, kimekatwa mshazari na kuunganishwa na shingo kwa gundi. Si ubaya, kiungo hicho kikifanywa vizuri ni imara kuliko ubao mmoja uliolala. Lakini kimefunikwa na rangi nene, hukioni. Mkataji anapita na tupa nyuma ya kichwa akidhani anachonga mti, kumbe anakula uso wa gundi, na eneo lililokuwa limeshikana linazidi kuwa dogo. Kabla hujafikiria lolote, mulika gita lako kwa pembeni kwa tochi na utafute mstari wa mshazari unaokatisha shingo karibu na kichwa. Ukiuona, umeonywa. Usipouona chini ya rangi nyeusi, chukulia kwamba upo.

Nimesema juu ya gita. Sasa juu ya mwenye gita.

Rangi ya magita mengi ya siku hizi ni ya poliesta au poliyurethani. Ni ngumu kama ganda, na meno ya msumeno yakiigonga kwa juu hukatika vipande vyenye makali ya kioo. Kijana wa gita la tatu alikaa siku nne na jicho limefungwa kwa sababu ya kipande kidogo kuliko punje ya ulezi. Miwani ya plastiki ya kujikinga, ile wanayovaa wachomeleaji wanaposaga chuma, inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Hakuwa nayo kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba gita linaweza kurusha kitu.

Wengine wanakata kichwa nyuzi zikiwa zimekazwa, ati wasipoteze sauti. Wengine wanalibana gita katikati ya magoti, mkono wa kushoto ukishika kichwa na wa kulia ukisukuma patasi kuelekea mkono ule ule. Seremala yeyote atakuambia patasi haisukumwi kuelekea nyama. Lakini mpiga gita si seremala, na mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi. Mshipa wa kidole ukikatika, muziki umekatika pamoja nao.

Vumbi nalo halisemwi kabisa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Sisemi kuchonga kichwa kimoja kutakuletea saratani. Hiyo ni hatari ya wanaolivuta miaka na miaka. Ninachosema ni kwamba nimeingia chumba kimoja ambamo kijana alikuwa akipiga msasa usiku, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu, na mdogo wake wa miaka mitatu amelala kwenye godoro hatua mbili kutoka hapo. Vumbi lile lilikuwa la mbao, la poliesta na la gundi pamoja. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii chembe ndogo, na mtoto hana hata hicho kitambaa. Kama kichwa kina gamba la mpingo au mti wa jamii yake juu yake, vumbi lake huwasha ngozi na macho vibaya, na kuna watu ambao miili yao ikishaukataa mara moja huukataa maisha.

Baada ya kuchonga kila mtu anataka kupaka rangi, na hapa ndipo ninapoogopa kuliko kwenye msumeno. Nyumba nyingi tunazokaa ni chumba na sebule, jiko la mkaa liko mlangoni au koridoni. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unashuka sakafuni, unatambaa, na hauhitaji kusogezewa moto ili uwake; unaufuata moto ulipo. Usifungue kopo la thina wala varnishi ya kupuliza ndani ya nyumba yenye jiko linalowaka, taa ya chemli au hata mshumaa. Rangi ya magari inayochanganywa na kikaushio, ile ya gereji, usiipulize nyumbani kabisa. Ina kemikali za isosayaneti zinazoweza kumpa mtu mzima pumu ambayo hakuwahi kuwa nayo, na barakoa ya kawaida haizizuii. Anayekupa robo lita ya rangi hiyo kwa wema wake hakusaidii.

Kuna jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika, ila litadhuru wengi lisiposemwa. Katika magita sita, mawili hayakuchongwa kwa urembo. Yalichongwa ili yafanane na magita ya majina makubwa, na mojawapo lilikuwa limeshabandikwa nembo. Umbo la kichwa ndilo saini ya kampuni. Mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyokuwa ikimiliki Gibson, iliwashtaki mahakamani huko Marekani wasambazaji wa magita ya Ibanez kwa sababu ya umbo la kichwa tu. Hapa kwetu anayeumia si Gibson. Anayeumia ni mwenyekiti wa kwaya ya kijijini anayekuja mjini na fedha za watu, akauziwa gita la laki mbili kwa bei ya milioni, tena lenye shingo iliyodhoofishwa. Ukiletewa gita la jina kubwa kwa bei ya huruma, angalia ukingo wa kichwa. Rangi iliyopakwa kwa mkono ina mawimbi, na kona zake hazilingani.

Sasa nizungumze na wale ambao wameshakata. Sina neno la kuwalaumu, na gita linaweza bado kuponywa, ila mengi ya yaliyoletwa kwangu yaliharibiwa zaidi na matibabu kuliko na jeraha.

Dalili zake ni hizi. Unatyuni kila baada ya wimbo mmoja. Unapokaza uzi unasikia mlio mdogo, tik, unaotoka kwenye mbao na si kwenye kifunguo. Nyuma ya kichwa, chini kidogo ya kile kidaraja cha juu chenye mifereji sita, kuna mstari kama unywele. Ukiona mojawapo, legeza nyuzi zote saa hiyo hiyo, kila uzi kidogo kidogo kwa zamu, usilegeze mmoja hadi mwisho huku nyingine zikivuta. Usikipinde kichwa ili kuona ufa umeingia hadi wapi. Kila unapokipinda mishipa michache zaidi inakatika. Kama kuna vipande vimetoka, hata kama ni vidogo kama vijiti vya meno, vitie kwenye bahasha. Navihitaji vyote, maana kila kimoja kina mahali pake.

Usitie gundi ya super glue. Nawaomba sana. Inakauka kabla vipande havijakaa sawasawa, na ikishaingia kwenye vinyweleo vya mbao, gundi halisi ya mbao haipati pa kushika. Gita moja kati ya yale manne yaliyopasuka lilikuwa limetiwa chupa tatu za gundi hiyo, na kazi ya kuikwangua ilinichukua muda mrefu kuliko kuunganisha. Jingine lilikuwa limepigwa misumari miwili, na msumari mmoja ulikuwa umekwenda kugonga chuma cha ndani ya shingo.

Ufa mrefu unaofuata mishipa hupona vizuri. Gundi nyeupe ya mbao, klampu zenye vipande vya ngozi au mpira ili zisiumize rangi, saa 24 bila kuguswa, na kiungo kinaweza kuwa imara kama mbao yenyewe. Ufa mfupi uliokatisha mishipa hauna uso wa kushikia gundi, na huo unahitaji kuchongewa mbao mpya. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu wa magita, na gharama yake mara nyingi inazidi bei ya shingo nyingine.

Mtaniuliza kama hairuhusiwi kabisa. Mimi nimechonga vichwa, na nitachonga tena. Lakini ninafanya hivyo kwa gita ambalo shingo yake imefungwa kwa skrubu nne nyuma, kwa sababu shingo hiyo ikiharibika inafunguliwa na kuwekwa nyingine. Shingo iliyogundishwa na kiwiliwili siigusi. Naondoa nyuzi zote na vifunguo vyote kwanza. Upande wenye vifunguo siugusi, wala nyuma ya kichwa, wala popote ndani ya vidole vinne kutoka kidaraja cha juu. Kinachobaki ni ncha, na kwa vichwa vya mstari mmoja ni ule upande usio na vifunguo. Ni kidogo, najua. Hata hivyo nakata kwanza umbo hilo kwenye kipande cha mbao ya kawaida na kulitazama kwa siku kadhaa, na mara nyingi mteja mwenyewe akiliona pale kwenye mbao anaghairi.

Mafundi seremala, nanyi mnisikilize. Mnaletewa kazi hizi kwa kuwa mna jiliwa na misumeno mizuri, na mkono wenu umenyooka kuliko wa kijana yule. Mnaijua mbao kuliko mimi, ila mguu wa meza haubebi mfuko wa saruji unaovuta upande. Muulizeni mteja gita ni la nani. Katika bendi zetu za dansi, tangu enzi za NUTA Jazz, chombo kilikuwa cha bendi. Mpigaji akihama, gita linabaki. La kwaya ni hivyo hivyo. Kijana anayelipiga hana mamlaka ya kulikata peke yake, na mlezi wa kwaya aambiwe kabla.

Na wewe ambaye gita lako limeshakatwa na bado linapigwa, usilipeleke kanisani wala ukumbini wiki hii. Legeza nyuzi zote sita usiku huu huu. Ligeuze, umulike kwa tochi nyuma ya kichwa, pale chini ya kidaraja, ukipitisha ukucha polepole juu ya rangi. Ukucha ukikwama popote, liache limelala na umwite fundi.